Mkaguzi Asiye na Kisu

Barua ya kumfukuza kazi Selestini Nandonde niliipiga chapa mimi, na sikukosea hata herufi moja. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wa Newala wakinisifu kwamba nilimtetea, wanaanzia katikati. Mimi nataka kuanzia ilipoanzia.

Naitwa Paulina, Mama Isabela. Soko huria lilipofika kwenye korosho, Kampuni ya Nuru ya Kusini ilichukua ghala pale mjini, kando ya barabara iendayo Masasi, ikaajiri baadhi yetu tuliokuwa tumepunguzwa kazi huko nyuma. Mimi nilichukuliwa kuwa karani na mpiga chapa. Selestini, tuliyemwita Baba Petro, alichukuliwa kuwa mkaguzi.

Alikuwa mtu wa Makote, mrefu, mkimya, mwenye miaka arobaini na moja. Kazi yake ilikuwa kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachotoa korosho bila kufungua mshono, kisha kuzipasua kwa kisu kifupi na kutazama kilicho ndani. Aliijua korosho iliyookotwa kabla ya wakati. Aliijua iliyonyeshewa, na iliyonyeshewa ikaanikwa tena ili kuficha. Wakulima hawakumpenda sana, lakini walimwamini, maana mzigo ukiwa wa daraja la pili, hata ungekuwa wa baba yake mzazi usingepanda. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, na ngozi ya viganja ilibambuka kila msimu ikaota upya.

Msimu wa tisini na tano akaanza kukosa usingizi. Alituambia mwenyewe, kama mtu anavyosema ana mafua: "Wiki ya tatu sasa sijalala." Tukamwambia apunguze mawazo. Majaliwa, msimamizi wa wapakiaji, akamshauri anywe uraka, ile pombe ya mabibo, kabla ya kulala, watu wakacheka. Halafu asubuhi moja mwezi wa Novemba Selestini alipanda juu kabisa ya lundo la magunia, karibu na bati, akakaa huko analia. Alisema magunia yanamwita kwa sauti ya mdogo wake aliyekufa. Tulimsihi mpaka saa sita mchana. Mwishowe Majaliwa na wenzake wakapanda na kamba za katani, wakamshusha kama mzigo.

Alikaa miezi miwili kwa mganga kule bondeni, karibu na Ruvuma. Mkewe, Bibiana, akachoka kungoja, akamtoa na kumpeleka hospitali mkoani. Huko ndiko ugonjwa wake ulikopewa jina, na dawa ikapatikana: sindano moja kila mwezi, ambayo baadaye aliweza kuipata Masasi, pamoja na vidonge. Alitulia. Akaanza kulala. Ila dawa ilimwachia mikono inayotetemeka kidogo, na kiu isiyoisha.

Mwezi wa Oktoba mwaka uliofuata alirudi kazini. Meneja wetu, Bwana Mudathiri, hakumpokea kwa huruma. Mkaguzi waliyemjaribu katikati alikuwa hajui tofauti ya korosho na kokoto. "Arudi," alisema, "lakini kwa masharti."

Masharti yalikuwa matatu. Asiingie ofisini bila kuitwa. Asinywe maji kwa kikombe cha wote pale penye pipa. Na asishike kisu.

Kikombe chake nilikiandaa mimi. Nilitumwa nikipake rangi nyekundu ukingoni ili mtu asikosee, nami nikatafuta brashi, nikakipaka vizuri, nikakianika dirishani. Kana kwamba ugonjwa ule unaambukiza kwa mate. Nilijua hauambukizi. Nitaeleza nilijuaje.

Siku ya kwanza Selestini alipofika penye meza yake ya ukaguzi alikuta bambo, kitabu, na mahali pa kisu patupu.

"Kisu changu kiko wapi?"

"Ninacho mimi, Baba Petro," alisema Majaliwa. "Wewe utakuwa unatazama, mimi nakukatia."

"Unajua kukata korosho?"

"Mbuzi nachinja, itanishinda korosho?"

Wapakiaji walicheka. Selestini naye alitabasamu kidogo, kama mtu anayelipa ushuru ili apite. Akachoma gunia la kwanza, akaziweka korosho mezani, akamngoja mwenzake apasue. Majaliwa alizipasua vibaya, nusu ya kiini ikasagika. Selestini akainama, akatazama yaliyobaki, akasema daraja. Aliifanya kazi hivyo msimu mzima, mtu aliyefundisha nusu ya wakaguzi wa wilaya, akisubiri kukatiwa kama mtoto anayetolewa miiba ya samaki.

Mchana alikula peke yake nyuma ya ghala, ugali wa muhogo na mbaazi, mgongo kwa ukuta. Mimi nilikula na wanawake wa usafi upande wa pili. Wakimsema nilinyamaza. Nikionekana nimenyamaza mno, nilicheka nao.

Sasa nieleze. Mwaka wa themanini na tisa nilijifungua mtoto wangu wa pili, wa kiume, nyumbani kwa mama Lulindi. Siku ya kumi nilisimama kwenye ukingo wa tangi la maji ya mvua nimemshika mtoto mikononi, na ndani ya kichwa changu sauti tulivu, tulivu kama ya mwalimu, ilikuwa inasema: mwachie. Sikuwa na hasira na mtoto. Sikuwa na chochote. Mama alitokea nyuma yangu, akamchukua mtoto kimya kimya, akaniongoza ndani kwa mkono na kufunga mlango. Kwa wiki sita sikutoka. Nesi mmoja mzee alikuwa anakuja jioni na vidonge. Kazini kwangu kwa wakati ule mama alipeleka habari kwamba malaria imenipanda kichwani, na niliporudi watu walinipa pole ya malaria. Hata mume wangu, aliyekuwa Mtwara wakati ule, aliambiwa malaria.

Kwa hiyo nilipokuwa napaka kile kikombe rangi, nilikuwa najua ninachofanya. Na woga wangu haukuwa kwamba Selestini atanidhuru. Niliogopa asije akanitazama usoni, akanitambua kuwa mwenzake.

Mwezi wa Desemba lori la Ashraf liliingia na magunia mia mbili na arobaini. Ashraf alikuwa mnunuzi wa kampuni huko vijijini, na alikuwa shemeji yake Bwana Mudathiri, amemwoa dada yake. Mvua ilikuwa imeanza mapema mwaka ule, na kila mtu alijua banda la Ashraf linavuja.

Selestini alichoma gunia la kwanza, la pili, la kumi. Majaliwa alipasua. Selestini akainua kiini kimoja, akakinusa, akaja hadi mlangoni pa ofisi yangu, akasimama nje ya kizingiti kama alivyoagizwa.

"Mama Isabela, niandikie. Mkono leo umekataa."

Nikaandika alivyonitajia: Mzigo wa gari la Ashraf. Umelowa, ukaanikwa tena. Ukungu ndani ya viini. Usipakiwe. Akainama juu ya kizingiti, akatia saini kwa mkono wake unaotetemeka, herufi zikatoka zimejikunja kama nyuzi za sweta lililofumuka. Nakala moja aliichukua kumpelekea meneja. Nyingine ilibaki kwenye droo yangu.

Bwana Mudathiri aliisoma akiwa amesimama uani. "Nimeona," alisema. "Pakieni."

"Bosi, huu mzigo umeoza," Selestini alisema.

"Nimesema pakieni."

"Utafunguliwa Mtwara kabla ya kuingia melini, na jina litakaloulizwa ni la mkaguzi. Jina langu."

"Baba Petro, punguza sauti."

"Sipunguzi! Miaka kumi na saba nakagua korosho, leo nifundishwe na mtu anayemficha shemeji yake?"

Alikuwa amekasirika, basi. Majaliwa alikuwa akifoka namna ile mara tatu kwa siku. Bwana Mudathiri mwenyewe aliwahi kumrushia dereva kiti. Lakini mtu mwingine akikasirika, amekasirika. Selestini akikasirika, ugonjwa umerudi. Niliona uso wa meneja ukibadilika. Haukuwa na woga. Ulikuwa kama wa mtu aliyeokota ufunguo.

"Ameanza tena," alisema, kwa sauti ya upole kabisa. "Majaliwa, mshikeni kabla hajaumiza mtu."

Walimrukia sita. Mwanzoni Selestini hakupigana. Alikuwa anasema, "Mimi mzima, jamani, mimi mzima," na kadiri alivyosema ndivyo walivyokaza. Halafu kamba ilipomkata mkononi alipiga kelele na kurusha teke, na teke lile likawa ushahidi. Walimfunga mikono na miguu, wakampandisha nyuma ya gari la kampuni, wakampeleka Masasi hospitali. Mimi nilikuwa dirishani. Kalamu niliyoandikia maneno yake ilikuwa bado mkononi mwangu.

Lori la Ashraf lilipakuliwa, na korosho zake zikapakiwa kwenye magari ya Mtwara jioni ile ile.

Masasi, nesi aliyemzoea, Sista Magdalena, alimfungua kamba, akakaa naye saa nzima. Siku ya tatu alimruhusu na barua. Nimeisoma. Ilisema mgonjwa anatumia dawa vizuri na hana dalili yoyote. Chini yake, kwa maandishi mengine ya haraka, aliongeza: Ana hasira, na hasira yenyewe ina sababu. Tafadhali msimfunge tena, amechubuka.

Barua ile ilipofika, ya kwetu ilikuwa tayari. Bwana Mudathiri alinitajia maneno akiwa amesimama dirishani, mikono mfukoni: kutokana na hali ya afya yako, na kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wenzako, uongozi unasikitika. Nilipiga chapa. Alipofika kwenye neno usalama alisita, akaniuliza kama limekaa vizuri. Nikamwambia limekaa vizuri.

Selestini alikuja kuichukua Ijumaa. Vifundo vya mikono vilikuwa na vidonda vyenye gamba. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja mara nne.

"Mama Isabela," alisema, "wewe ulikuwepo. Uliniona mimi nimeugua siku ile?"

Ofisini tulikuwa wawili tu. Hakuna ambaye angesikia jibu langu.

"Mimi ni karani tu, Baba Petro," nikasema.

"Haya," akasema. Akatoka.

Mwezi wa Machi habari zikaja kutoka Mtwara. Mzigo ulifunguliwa bandarini, ukakutwa una ukungu, na uchafu wake ulikuwa umeingia kwenye shehena nyingine. Kila kitu kilikataliwa. Mkurugenzi, Bwana Christopher, alikuja kutoka Masasi kwa gari lake, akatukusanya uani wafanyakazi wote, akaweka kiti na meza ndogo kivulini mwa ghala.

Bwana Mudathiri alikuwa amejiandaa. Alitoa fomu ya ukaguzi wa mzigo ule. Ilisema: umekubaliwa, daraja la kwanza. Chini ilikuwa na jina la Selestini Nandonde na saini.

"Kosa langu, Mkurugenzi, ni huruma," alisema. "Nilimrudisha kazini mtu mgonjwa wa akili. Akapitisha uchafu, na nilipomuuliza akaja juu. Ikabidi tumfunge. Wote hawa mashahidi."

Bwana Christopher akatazama watu. "Ni kweli?"

Majaliwa akasema ni kweli. Wapakiaji wakasema ni kweli. Na ilikuwa kweli kwamba walimfunga.

Fomu ilipitishwa mkono kwa mkono, ikanifikia mimi ili niiweke faili. Nikaitazama ile saini. Ilikuwa imenyooka kama imepigiwa rula. Tangu arudi kutoka hospitali, Selestini hakuwahi kuandika mstari ulionyooka. Walikuwa wamemfukuza kwa ajili ya ugonjwa, kisha wakaghushi jina lake kwa mkono wa mtu mzima.

Sijui kwa nini ilikuwa ni hilo. Nilivumilia kikombe, nikavumilia kisu, nikavumilia kamba. Ile saini iliyonyooka ndiyo iliyonishinda. Niliingia ofisini, nikafungua droo, nikatoka na ile nakala.

"Hii ndiyo aliyoandika siku ile," nikasema. "Alikataa mzigo. Tazama saini, Mkurugenzi. Mkono wake unatetemeka kwa sababu ya dawa. Hiyo nyingine siyo yake."

Bwana Mudathiri alicheka. "Karatasi ya kichaa. Na mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Kwa hiyo kichaa anakutajia, wewe unaandika. Mama Isabela, una akili timamu kweli?"

Aliuliza kama mtu anavyouliza kwa matusi, bila kutaka jibu. Watu wakaguna kwa kicheko. Nami nikamjibu.

"Hapana. Nami niliugua. Mwaka wa themanini na tisa, baada ya kujifungua. Haikuwa malaria. Nilisikia sauti, nikataka kumtupa mwanangu kwenye tangi la maji. Nilitibiwa, nikapona, nikarudi kazini. Barua zote mnazozisaini hapa, kwa miaka hii yote, zimepigwa chapa na kichaa. Mmewahi kuona kosa?"

Mwanamke mmoja wa usafi, Stamili, tuliyekuwa tunakula sahani moja, alijifuta mkono kwenye kanga, polepole, mkono ule aliokuwa ameniegemea nao. Bwana Christopher alikuwa ananisikiliza kwa adabu, lakini niliona amerudisha kiti chake nyuma. Kidogo tu, labda inchi mbili.

Hata hivyo alikuwa mfanyabiashara, na saini mbili aliweza kuzilinganisha. Kabla ya jioni uamuzi ulitoka. Bwana Mudathiri alihamishiwa tawi lingine, hakufukuzwa. Ashraf alizuiwa kuleta korosho, na msimu uliofuata akaleta kwa jina la mkewe. Selestini aitwe arudi. Niliambiwa nipige chapa barua ya kumwita, na nikaruhusiwa kuipeleka mimi mwenyewe.

Kabla sijaipeleka, mama alipanda kutoka Lulindi. Habari zilimfikia kabla ya siku mbili. Hakunipigia kelele. Alikaa kitandani kwangu, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miaka minane nimeibeba siri yako, Paulina. Nimedanganya kanisani, nimemdanganya mumeo. Umeimwaga uani mbele ya wabeba mizigo. Mdogo wako Isabela, aliyempa mwanao jina, ana posa mezani. Nani ataoa kwetu sasa?"

Posa ile ilivunjika kweli, baada ya wiki mbili. Wale watu hawakusema sababu. Mume wangu alinyamaza mwezi mzima, na nilipotoka uani kufua alikuwa anatoka na kukaa karibu na mtoto wetu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa darasa la kwanza na mwenye nguvu za kutosha kunikimbia. Kazini ufunguo wa ofisi ulihamishwa kwa mtu mwingine. Walinieleza kwamba ni ili nisichoke.

Nilikwenda Makote Jumamosi na barua ya Selestini kwenye mkoba. Bibiana alikuwa anatwanga muhogo mbele ya nyumba. Hakuacha kutwanga nilipobisha hodi, wala hakunikaribisha kiti.

"Nimeleta barua ya Baba Petro. Kampuni inamwita kazini."

"Mpe mwenyewe. Yuko nyuma."

Alikuwa amekaa chini, katika jua la saa saba, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Ndevu zilikuwa zimeota bila mpangilio. Nilimsalimu mara tatu. Alinitazama, halafu akatazama nyuma yangu, kana kwamba nimekuja na watu.

"Wamepanda?" aliuliza. "Waambie washuke. Mdogo wangu yuko chini yao."

Ndipo nilipofahamu. Sindano ilikuwa Masasi. Alipokuwa kazini alikuwa akisafiri kila mwezi na gari letu lililopeleka barua za ofisi makao makuu, kule kule Masasi. Tulipomfukuza tulimfukuza na kwenye gari. Mara ya kwanza alitembea na kuomba lifti, akafika amechelewa siku nane. Mara ya pili hakwenda. Mwezi wa tatu hakujua tena kama kuna mahali pa kwenda.

Nilirudi mbele. Bibiana aliweka mchi chini.

"Mlipomwita kichaa alikuwa mzima," alisema. "Mmekuja kumwita mzima, amekuwa kichaa. Mna saa mbovu nyinyi watu wa ofisini."

Niliomba ndoo, nikamsaidia kuosha muhogo uliobaki kwa maji kidogo yaliyokuwepo, na yale machafu tukayatunza kwa ajili ya mifugo. Jumatatu nilirudi kazini kueleza. Bwana Christopher alikuwa kwenye simu kutoka Masasi. Alisikiliza, akashusha pumzi.

"Unaona, Mama Isabela?" alisema. "Sasa ungekuwa wewe ndiye mkurugenzi, ungefanyaje?"

Nilimwambia ningetuma gari. Akasema atalifikiria. Barua ya kumwita kazini ikafutwa kwa barua nyingine, na hiyo nilikataa kuipiga chapa. Aliipiga karani mpya, ikatoka na makosa manne.

Mimi na Bibiana tulimpeleka wenyewe, kwa lori la muhogo, Selestini akiwa katikati yetu ameshikilia blanketi. Sista Magdalena alitutazama sote watatu, akamuuliza Bibiana mgonjwa ni yupi. Hapo ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Alichomwa sindano. Mwezi uliofuata tulikwenda tena, na uliofuata. Safari ya nne Selestini aliniambia, tukiwa tumekaa kwenye benchi la kliniki, "Ulisema wewe ni karani tu."

"Nilisema."

"Lile neno lilinikaa zaidi ya kamba."

"Najua."

"Hujui," alisema bila ukali. "Lakini vizuri umekuja."

Kazini hakurudi. Nafasi ilikuwa imejazwa. Hata ingekuwa wazi, sidhani angeitaka. Analima mikorosho yake Makote, na msimu ukifika majirani humletea sampuli kwa siri kabla ya kwenda kuuza, ili awaambie ukweli. Mbele za watu bado wanamwita mwehu.

Na mimi niko hapa hapa ghalani. Wamezoea, au wamechoka. Mimi mwenyewe nimeshazoea kuona mazungumzo yakikatika ninapoingia. Mwaka wa pili tangu mambo haya, mwezi wa tano, ghala likiwa tupu, Majaliwa alikuja ofisini kwangu saa nne asubuhi. Alivua kofia. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na nilidhani ni pombe.

"Mama Isabela. Ile sindano ya Masasi," alisema, "inauma?"

"Nani anaumwa?"

Alikunja kofia, akaikunjua. "Mwezi mzima sijalala," alisema. "Nikifumba macho nasikia watu wanapakia. Sijamwambia mtu. Hata mke wangu."

Nilimtazama yule mtu. Niliiona kamba ya katani mikononi mwake, nikaisikia sauti yake ikisema ni kweli, Mkurugenzi, ni kweli. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa makali, na yote yalikuwa haki yangu. Nilimwacha asimame pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sijutii.

"Kliniki ni Alhamisi," nikasema mwishoni. "Ufike kabla ya saa mbili, uulizie Sista Magdalena."

"Kuna watu wa Newala huko?"

"Wapo."

"Wataniona?"

"Watakuona, Majaliwa."

Alisimama anatazama sakafu. Nikavuta kiti cha wageni kwa mguu, nikakisukuma upande wake. Alikaa.